Pigo la Kisogoni

Kwa ambaye gazeti la wiki jana lilimpita: naitwa Kandida, fundi cherehani wa Viwanja Sitini, hapa Ifakara. Nilishtakiwa kwa kumuua Deus, mwenye mashine ya kukoboa mpunga mtaani kwetu. Deus alikuwa hawara yangu. Mume wangu, Hermenegildi, alikuwa kazini kwenye mashamba ya miti Uchindile, nyumbani anaonekana kwa nadra, na mimi nikafanya nilichofanya. Hilo nimeshawaeleza, na aibu yake nimeshaibeba.

Nilipomwacha Deus hakukubali. Alasiri moja alinifuata nyumbani, akafia uani kwangu, karibu na kinu. Polisi walipofika niliwaambia kwamba nimempiga mimi, kwa mchi wa kutwangia, kwa sababu alikuwa ananinyonga. Nilikuwa najihami. Maneno hayo niliyasema polisi, nikayarudia kwa wakili wangu, nikakaa nayo mahabusu masika mawili.

Mliniacha siku ambayo daktari aliyeupima mwili wa Deus alipanda kizimbani.

Daktari alikuwa mtu mpole, anaongea taratibu kama anayemweleza mgonjwa. Wakili wa serikali alimwuliza jeraha lilikuwa wapi. Yule daktari akageuka, akajigusa kichwani kwa nyuma.

"Kisogoni," akasema. "Pigo moja, zito, lililotoka nyuma."

Wakili wa serikali akamwomba arudie ili jaji aandike vizuri. Akarudia. Kisha akamwuliza kama mtu aliyebanwa ukutani, ananyongwa uso kwa uso, anaweza kuinua mchi na kumpiga anayemnyonga sehemu ile.

Daktari alifikiri kidogo. Akasema mchi aliouona ni wa kushikwa kwa mikono miwili, na kwa hali hiyo iliyoelezwa, yeye haoni ingewezekanaje.

Nilijishika kwenye ubao wa kizimba.

Wakili wangu, Firdausi, binti wa wenye duka la vitambaa pale mjini, alikuwa amepewa kesi yangu na mahakama kwa kuwa sikuwa na uwezo wa kuweka wakili. Alisimama akajaribu. Alimwuliza daktari, je, haiwezekani Deus aligeuka dakika ya mwisho? Daktari akasema inawezekana. Lakini akigeuka ina maana ameshaachia shingo.

Hapo ndipo wakili wa serikali alipokuwa anapataka. Alisema hana ugomvi na jirani yangu Kadija, aliyekuwa ameieleza mahakama kwamba siku ile aliniona shingo imevimba na sauti imekauka. Kwa maneno yake, ni kweli Deus alinikaba. Ila baadaye aliniachia, akageuka kwenda zake, na mimi kwa hasira nikachukua mchi nikamfuata nyuma.

"Mtu anayeondoka hatishii maisha ya mwenzake, Mheshimiwa Jaji. Huku si kujihami. Huku ni kuua."

Nyuma yangu watu waliguna. Jaji akasema tupumzike, halafu shahidi wa mwisho wa upande wa mashtaka ataitwa.

Shahidi huyo alikuwa Marsiana. Mama mkwe wangu.

Walinishusha kwenye chumba cha mahabusu cha pale mahakamani. Sikuwa nimekaa vizuri Firdausi akaingia. Alimwomba askari magereza atupe nafasi, akasimama mbele yangu bila kufungua faili lake.

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Aliniambia kwamba tangu aichukue kesi hii alikuwa na jambo linamsumbua, na daktari amelimaliza. Shingo yangu ilikuwa na alama za mtu anayekaribia kufa. Sauti ilichukua siku nyingi kurudi. Mtu aliyekabwa namna ile hawezi kuachiwa tu, akaamka hapohapo, akakimbiza mtu na mchi.

"Dada Kandida, nani mwingine alikuwepo?"

Nikamwambia hakukuwa na mtu.

Akavuta pumzi. Akaniambia nisikilize vizuri, kwa sababu pengine naogopa kitu ambacho hakipo. Sheria haimwangalii anayejihami peke yake. Mtu akikuta mwenzake ananyongwa, akampiga mnyongaji ili amwokoe, na hakukuwa na njia nyingine, huyo naye ana utetezi. Kisheria haitwi muuaji.

"Hata akipiga kutoka nyuma?" nikauliza.

Swali lilinitoka kabla sijalizuia.

"Hata akipiga kutoka nyuma," akasema. "Angetaka apigie wapi?"

Nikainamisha kichwa, nikamwambia tena hakukuwa na mtu. Akaondoka.

Wasomaji wangu, hapa ndipo nawaomba radhi. Tangu mfululizo huu uanze nimewaambia kila wiki kwamba mchi ule niliushika mimi. Wengine mmeniandikia mkanitetea. Niliwadanganya kama nilivyomdanganya Firdausi. Leo nasema.

Alasiri ile Deus alikuja akiwa amekunywa. Alinikuta uani natwanga. Alitaka tuondoke wote, twende Mlimba, akafungue mashine nyingine huko. Nikamwambia Hermenegildi anarudi, na sisi wawili tumemaliza. Akasema hakuna kumaliza. Nikamwomba aondoke kabla mtoto wangu, Eveline, hajarudi shule. Akanibana ukutani, akanishika shingo kwa mikono miwili.

Nilijaribu kumkwaruza. Nilijaribu kupiga kelele, sauti haikutoka. Mashine za mpunga zilikuwa zinanguruma mtaa mzima, hata ningelia nani angenisikia. Macho yakaanza kuingia giza.

Nikasikia kishindo, kama gunia limeangushwa sakafuni. Mikono ya Deus ikalegea. Alinilalia begani, akateleza, akaanguka chini.

Nyuma yake alikuwa amesimama mama mkwe wangu, ameshika mchi.

Alikuwa ametoka Namawala siku hiyo bila kuniarifu. Habari zangu na Deus zilikuwa zimemfikia kule shambani, akapanda pikipiki kuja. Alipiga hodi mlango wa mbele, hakuitikiwa, akazunguka nyuma. Akamkuta mtu ananiua.

Niliinama nikamshika Deus. Hakuwa anapumua. Mama akauacha mchi, akakaa chini pale pale alipokuwa.

"Nilikuja kukusema," akaniambia. "Nilikuja kukusema tu, Kandida."

Mama huyu hakuwahi kunipenda. Siku ya harusi yetu aliimba na wenzake kanisani, akarudi nyumbani akalia. Alitaka mwanawe aoe binti wa Mahenge waliyemchagua wao. Kwa miaka yote ya ndoa hakuwahi kuniita mwanangu. Na ni yeye aliyenipa roho yangu siku ile.

Alikuwa mzee, mgonjwa wa presha. Nilimtazama nikaona kwamba yule mwanaume nimemleta mimi, kwa ujinga wangu, na bibi huyu atakwenda kufia gerezani kwa ajili yangu. Nilijua, au nilidhani najua, kwamba anayenyongwa akiua anasamehewa, lakini anayekuja kwa nyuma ananyongwa. Hakukuwa na wa kutuambia vinginevyo.

Sauti ilikuwa inatoka kwa kukwaruza. Nikamwambia, "Mama, pita nyuma. Panda pikipiki barabarani urudi Namawala. Wewe hukuja hapa."

"Na wewe?"

"Nitasema nilikuwa najihami. Si uongo."

"Wakikufunga?"

"Utakaa na Eveline."

Akaamka, akajifunga kitenge chake vizuri, akatoka. Hakunibishia. Mahabusu nilikuwa najilaza, najigeuza, narudi palepale: hakunibishia. Na tangu siku ile hakuja kunitazama hata mara moja. Polisi walipomfuata Namawala, aliandikisha kwamba alikuwa shambani kwake, na anachojua ni kwamba mke wa mwanawe alikuwa na mwanaume. Ndiyo maana serikali ikamfanya shahidi wao.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayafikiri pale mahakamani, baada ya Firdausi kuondoka. Nilikuwa nimeyatunza maneno yake mdomoni kama peremende. Hata akipiga kutoka nyuma. Kama ni hivyo, basi sote wawili tungeweza kurudi nyumbani. Nilichotakiwa ni kusema ukweli tu.

Ndipo askari magereza akaniambia nina mgeni.

Alikuwa Hermenegildi. Tangu nikamatwe alikuwa hajasema nami neno. Mahakamani alikaa benchi la nyuma, nikigeuka anatazama dirisha. Sasa alisimama nje ya nondo, kofia mkononi.

"Mama Eveline," akaniita.

Nilisikia joto kifuani. Nikamwamkia, nikamwuliza habari za mtoto. Akasema hajambo, amekuwa mrefu. Halafu akasogea karibu, akapunguza sauti. Akaniambia mama yake alipopata wito wa kuja mahakamani alishindwa kula. Alilia, akamweleza kila kitu. Kwa hiyo anajua.

Nililia pale pale. Nilidhani Mungu amenitumia mume wangu. Nikamwambia ashukuriwe, maana hata wakili ameshajua kulikuwa na mtu wa pili, na ameniambia mama hana kosa, sheria inamlinda, akisema ukweli tutaachiwa wote.

Hermenegildi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo wakili si ndiye aliyemwuliza daktari maswali ili akusaidie?" akauliza. "Amekusaidia?"

Akashika nondo kwa mkono mmoja.

"Nimekuja kukuomba uendelee hivyohivyo, Mama Eveline. Mama akiingia gerezani hatoki mzima. Wewe una nguvu bado. Na siku hizi hawanyongi watu. Utakaa, baadaye utatoka."

"Baadaye lini, Baba Eveline?"

Akageuza uso. Akasema mambo haya hakuyaanza yeye, wala hakuyaanza mama yake. Akasema Eveline atasoma, nisiwe na wasiwasi. Mwishoni akasema, "Ya Deus nimekusamehe."

Nilikuwa nimelala na kuamka nikiomba kusikia maneno hayo. Aliyasema kama mtu anayeweka kitu sokoni na kungoja anayekitaka alipe. Kisha akavaa kofia yake, akaenda. Nikamwona kwa mbali anakaa karibu na mama yake chini ya ukuta wa mahakama, wanaongea vichwa vimekaribiana. Sikufikiri lolote baya. Niliona mtoto anamtuliza mama yake.

Tuliporudi ukumbini, Marsiana akaitwa.

Alikuwa amekonda. Alivaa kitenge chake cha WAWATA, cha umoja wa wanawake Wakatoliki, kilichopigwa pasi vizuri. Aliapa kwa Biblia kwa sauti ndogo hadi jaji akamwomba aongeze. Wakili wa serikali alimwongoza taratibu. Mshtakiwa ni nani kwake? Mke wa mwanawe. Aliwahi kusikia habari za mshtakiwa na marehemu? Alizisikia hadi Namawala. Zilimfanyaje? Zilimuumiza.

Kisha akamwuliza, kama jambo la kupita tu, siku ya tukio alikuwa wapi.

Marsiana alimtazama mwanawe.

"Nilikuwa pale," akasema.

Wakili wa serikali alisimama mdomo wazi. Jaji aliinua uso. Akamwuliza kama anaelewa kwamba kule polisi yeye aliandikisha maneno mengine. Mama akasema anaelewa, siku zile aliogopa.

Mimi nilifurahi. Niliona ameshinda hofu. Niliona Hermenegildi ameenda kumwambia maneno ya wakili, na wote wawili wameamua. Nilianza kumshukuru kimoyomoyo.

"Uliona nini?" jaji akauliza.

"Nilimkuta marehemu anatoka. Alikuwa anaelekea getini. Kandida akachukua mchi, akamfuata."

"Akafanya nini?"

"Akampiga."

Nilisikia mtu anasema "Mama." Nilikuwa mimi. Nilikuwa nimesimama, askari ananivuta bega nikae. Yeye hakugeuka.

Ndipo nikaelewa yale mazungumzo ya chini ya ukuta. Mimi mwenyewe nilikuwa nimempa Hermenegildi habari, kwamba wakili anamtafuta mtu wa pili. Wakaona kukana kwamba alikuwepo hakufai tena, pengine mwenye pikipiki angetafutwa. Bora akubali alikuwepo, na mchi ubaki mikononi mwangu.

Firdausi hakuinuka haraka. Aliposimama aliongea kama binti aliyekwenda kumsalimia bibi yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alimwuliza kama ni kweli alichukia nilivyomwaibisha mwanawe. Ni kweli. Alitaka mwanawe aniache? Alitaka, hilo hafichi. Polisi walipomfuata kumwuliza, je, walimpiga au kumtisha? Hapana, walikuwa na adabu.

"Basi nisaidie kitu kimoja, mama. Ulimwona kwa macho yako mwanamke huyu, unayemchukia, anamuua mtu anayeondoka. Neno moja tu lilikuwa linatosha kumwondoa kwenye maisha ya mwanao. Ukamficha. Mwaka ukapita, na mwingine ukaingia, unamficha tu. Kwa nini?"

Marsiana aliangalia mikono yake. Feni ilikuwa inazunguka juu, na nje mtu alikuwa anaita abiria wa Mlimba.

"Jibu swali, mama," jaji akasema kwa upole.

Hapo ndipo aligeuka, akanitazama. Tangu siku ile uani hatukuwa tumeangaliana.

"Muulizeni yeye," akasema. "Akisema ni mimi, basi ni mimi."

Wakili wa serikali akaruka juu, anapinga. Jaji akamnyamazisha, akamgeukia Marsiana, akamweleza kwamba halazimiki kusema kitu kinachoweza kumtia yeye mwenyewe hatiani, na kwamba anaweza kupata wakili kabla ya kuendelea. Mama akasema amemaliza, anaomba kukaa.

Upande wa mashtaka ukafunga ushahidi wake. Jaji alitoka, akakaa huko kwa muda, akarudi na kusema nina kesi ya kujibu. Firdausi akaomba nianze kujitetea hapohapo. Akaja kizimbani kwangu, akainama.

"Dada Kandida, ukipanda pale nitakuuliza swali ambalo silijui jibu lake. Mawakili hatufanyi hivyo. Nafanya kwa sababu sina kingine kilichobaki."

Nikapelekwa kwenye kizimba cha mashahidi, mahali palepale alipotoka kusimama mama mkwe wangu. Nikashika Biblia ileile. Nikaapa.

"Siku ile, nani alimpiga Deus?"

Hermenegildi alikuwa amekaa mbele safari hii. Alitikisa kichwa polepole, kunikataza. Mama alikuwa karibu naye, amefumba macho. Nilimfikiria Eveline amekua mrefu na mimi sijamwona. Nilijiuliza kama kweli nitamfunga bibi huyu, aliyeniokoa na kisha akaniuza, yote mawili kwa mikono ileile. Sikupata jibu. Nilijua tu kwamba nikidanganya tena sitaweza kusema ukweli siku nyingine yoyote, kwa sababu hakutakuwa na wa kuniuliza.

"Mama mkwe wangu aliniokoa," nikasema.

Nikaeleza yote. Ukuta, shingo, giza, kishindo. Nikaeleza nilivyomfukuza arudi Namawala. Nikasema uongo wote ulikuwa wangu, yeye nilimbebesha tu akiwa ameduwaa, hajui afanye nini. Firdausi hakunikatiza. Nilipomaliza alikuwa ameshika kalamu lakini haandiki.

Nilidhani ukweli ukitoka mtu anajisikia mwepesi. Wakili wa serikali akasimama.

Aliniuliza uongo niliuanza lini. Nikasema siku ileile. Niliuendeleza hadi lini? Hadi leo. Leo saa ngapi, kabla ya daktari kutoa ushahidi au baada?

"Baada."

"Kwa hiyo ukweli umekujia baada ya uongo kukataa."

Akageukia benchi alilokaa mama, kisha akanirudia.

"Yule mama ameapa kwamba alikuona ukiua. Wewe umeapa kwamba ulimwona yeye. Mmeshika Biblia moja. Alipodanganya polisi, na wewe ulidanganya. Mahakama imwamini nani kati yenu, Kandida?"

Nilimtazama Firdausi, na yeye akainamisha uso kwenye makaratasi. Nilitafuta neno. Kila nililolipata nilikuwa nimeshalitumia kudanganyia.

"Sijui," nikasema. "Mimi nimesema kilichotokea."

"Hata mwanzo ulisema hivyohivyo," akanijibu, akakaa.

Jaji akaandika kwa muda mrefu. Kisha akasema kati ya wanawake hawa wawili mmoja ameapa uongo mbele yake leo, na yeye hatafunga shauri hili kabla ya kumsikia Marsiana tena, akiwa na wakili wake. Kesho asubuhi. Hadi hapo, polisi wamchukue wakamwandike maelezo upya.

Askari wa kike akaenda kwenye benchi. Kabla hajasema neno, mama alikuwa ameshanyoosha mikono yote miwili mbele yake, imeshikana. Askari akamwambia hakuna haja ya pingu, mama, twende tu. Hermenegildi akasimama katikati yao. Hakumwangalia askari. Aliniangalia mimi.

"Umeridhika?" akaniuliza.

Mama akamsogeza pembeni kwa mkono, kama anavyosogezwa mtoto mlangoni. Wakampitisha karibu na kizimba changu. Akasimama. Askari akamwacha asimame.

"Umesema niliokoa," akaniambia kwa sauti ya chini. "Hukusema niliua."

"Ndivyo ilivyokuwa, mama."

Alinitazama shingoni, mahali ambapo palikuwa na zile alama, kama anayetafuta kama bado zipo. Hazipo, zimefutika siku nyingi.

"Hermenegildi atakuja kukaa na mimi pale polisi mpaka kuche, atanisihi nirudie maneno ya leo," akasema. "Kesho wakiniuliza, mwanangu, sijui nitawajibu nini."